Watoto na Wajukuu wa Bibi Asha

JUMATATU

[06:12] Shangazi Mwanakombo: Asalaam aleykum. Hongera za Zuhura tulizimaliza Ijumaa: PCB (fizikia, kemia na biolojia), daraja la kwanza, pointi 4. Leo ni kazi. Kuna mambo mawili, msiyachanganye. Kuna Samia Scholarship, ya ufaulu, ilianza 2022 kwa waliofanya vizuri zaidi sayansi kidato cha sita. Hiyo hairudishwi. Halafu kuna mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, huo unarudishwa. Tunajiandaa kwa vyote viwili. Nataka kujua nani ananisaidia nini.

[06:13] Shangazi Mwanakombo: Majibu kabla ya saa nne.

[10:40] Shangazi Mwanakombo: Tuko 23 humu. Tiki za buluu naziona.

[10:52] Mjomba Salim: Waaleykum salaam shemeji, nilikuwa baharini. Mtoto wa pointi 4 mkopo wa nini? Serikali itamfuata yenyewe.

[10:55] Shangazi Mwanakombo: Haimfuati mtu. Wizara inatoa orodha ya wenye sifa, na jina likiwemo bado mwenyewe aingie kwenye mfumo wa Bodi aombe. Pointi 4 ni A mbili na B moja. Wako wenye 3. Orodha ikikatikia juu yake, na sisi tulishabweteka, dirisha la mkopo nalo litakuwa limefungwa.

[11:08] Mwajuma Steshenari: Mama Mkubwa yuko sawa. Niseme yanayowaharibia wengi. Kwenye mfumo wa Bodi unajisajili kwa namba ya mtihani ya kidato cha NNE, siyo ya sita, na iwe ileile uliyoombea chuo. Simu na barua pepe ziwe za Zuhura mwenyewe. Watu wanasajiliwa kwa simu ya mwenye kompyuta, nywila ikipotea hawana pa kuingilia, na huko ndiko taarifa za marekebisho zinakotumwa.

[11:10] Mwajuma Steshenari: Ada ya maombi ya mkopo ni 30,000. Mfumo unatoa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Asimpe mtu hela mkononi.

[11:31] Baba Mdogo Idi: Zuhura asome sheria. Ukoo mzima hatuna wakili na viwanja vinatutesa 😀

[11:32] Ali: 😂😂

[11:33] Mjomba Salim: Wakili wa Chumbageni awe na moyo wa chuma

[11:34] Baba Mdogo Idi: Na alipwe kwa minazi 😂

[11:35] Shangazi Mwanakombo: Jamani. Chumbageni tuiache.

[11:41] Mwajuma Steshenari: Sheria haimo Baba Mdogo. Ufadhili ule ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Akienda sheria, pointi zake hazimfungulii mlango huo.

[11:58] Zuhura: Shikamooni wote. Nimeomba udaktari Muhimbili, famasia hukohuko, na tiba ya mifugo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine.

[11:59] Shangazi Mwanakombo: Marahaba mwanangu. Hapo sawa.

[12:03] Mwajuma Steshenari: Zuhura, ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, utapata namba ya siri kwa ujumbe wa simu. Unaiingiza kwenye akaunti ya chuo unachokitaka, basi umethibitisha. Fedha zinapangwa kwa mwenye udahili uliothibitishwa, chuo kimoja. Kwa hiyo laini yako usiibadilishe mpaka Novemba.

[13:20] Baba Mdogo Idi: Swali la kweli sasa. Huo mkopo hauna riba?

[13:26] Shangazi Mwanakombo: Ile tozo ya kutunza thamani, 6%, iliondolewa 2021, na adhabu ya 10% iliondoka nayo. Ila akiajiriwa anakatwa 15% ya mshahara mpaka deni liishe. Ndiyo maana nahangaikia ufadhili kwanza. Udaktari ni miaka mitano, deni lake si dogo.

[13:27] Baba Mdogo Idi: Nimeelewa dada.

[19:02] Shangazi Mwanakombo: Cheti cha kuzaliwa nimemwambia Zuhura akiingize RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, leo kihakikiwe.

[19:10] Mwajuma Steshenari: Mama Mkubwa, Zuhura si kazaliwa Wete? RITA ni Bara, daftari lake hawana. Cheti cha Zanzibar kinahakikiwa ZCSRA, wakala wa usajili wa huko.

[19:14] Mama Ali: Wete kweli. Nilimzalia kwetu.

[19:15] Shangazi Mwanakombo: Hilo mlikuwa mnanisubiri nini kulisema?

[19:15] Mama Ali: Hukuuliza wifi.

[19:22] Zuhura: Na kuna kitu kingine Shangazi. Cheti cha Pemba kimeandikwa Zuhra Saleh Khamis. Cha mtihani, cha NECTA, ni Zuhura Salehe Khamis.

[19:24] Shangazi Mwanakombo: Tutaapa kwa wakili, ni elfu chache.

[19:31] Mwajuma Steshenari: Kiapo kinasema tu kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Kinaweza kupokelewa, kinaweza kukataliwa. Jina kwenye fomu linavutwa kutoka NECTA, hulichagui wewe, kwa hiyo cha kusogeza ni cheti cha kuzaliwa. Herufi zikiwa zilikosewa, anayesahihisha ni aliyeandikisha: ofisi ya Wete. Zikishindikana huko, hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hiyo inachukua muda, ianze wiki hii hii.

[19:33] Mjomba Salim: Pemba nina mtu wa boti. Nauli yake pweza wawili 😀

[19:34] Baba Mdogo Idi: Pweza wapi msimu huu

[19:36] Mjomba Salim: Njoo Mwarongo uone

[19:44] Shangazi Mwanakombo: NAULI YA WETE. Nani anatoa?

[20:15] Shangazi Mwanakombo: Haya, tutarudi hapo. Kingine ni cheti cha kifo cha marehemu Saleh. Mkopo unapima uhitaji, na yatima anajulikana kwa cheti kilichohakikiwa, maneno hayasaidii. Saleh alifia hospitali ya Bombo, Tanga, kwa hiyo hicho ndicho cha RITA. Kinatakiwa chenyewe halisi kiskaniwe kwa rangi, namba isomeke. Kiko kwa nani?

JUMANNE

[05:50] Shangazi Mwanakombo: Nimeuliza kiko kwa nani.

[07:20] Mama Ali: Wifi, unajua kiko kwa nani.

[07:26] Ali: Kilichukuliwa kwa ajili ya kiwanja cha Chumbageni na hakijarudi. Mwaka wangu wa kuomba mkopo nilipeleka nakala ya nakala, namba ikawa doa jeusi. Na mdhamini niliyeahidiwa alizima simu siku mbili za mwisho.

[07:31] Baba Mdogo Idi: Habari za asubuhi. Nani ana namba ya fundi wa friji?

[07:32] Mjomba Salim: Simu yangu ilikuwa imeanguka majini Ali. Nilishasema.

[07:40] Ami Khamis: Salaam kutoka Maskati. Cheti sikukiiba. Nilikichukua kwa mirathi, kila mtu alikubali. Sasa nasemwa kama mwizi kwenye kikundi cha watoto.

[07:41] Mama Ali: Hakuna aliyesema mwizi shemeji.

[07:44] Ami Khamis: Mirathi haijafungwa. Ikifungwa kila karatasi itarudi kwa mwenyewe.

[08:30] Zuhura: Bibi yuko hapa, kaniambia niandike kama anavyosema. "Khamis. Karatasi ya mwanangu nilikupa kwa mkono wangu, ukasema wiki mbili. Ali kakaa kibarazani mwaka mzima, namtazama. Zuhura simtaki kibarazani. Kiwanja hakina miguu, kitakukuta palepale. Karatasi irudi."

[10:17] Ami Khamis: Nimesikia mama. Naitafuta. Iko huku au iko kwa wakili hapo Tanga, sina hakika.

[10:19] Shangazi Mwanakombo: Kaka, wakili yupi?

[10:30] Mwajuma Steshenari: Wakati Ami anatafuta, Ali nitumie ile nakala yako, nijaribu kuisoma namba ya ingizo. Tukiipata, familia inaweza kuomba nakala mpya ofisi ya RITA ya wilaya, kwa Mkuu wa Wilaya. Tusisubiri begi la Maskati peke yake.

[10:34] Ali: Nakutumia sasa hivi.

[12:05] Shangazi Mwanakombo: Mdhamini. Fomu ikishachapwa, mdhamini anasaini, anaweka picha ndogo na nakala ya kitambulisho. Mwenyekiti wa mtaa anasaini na mhuri. Kisha hakimu au wakili wa viapo. Mhuri usifunike sura kwenye picha. Kurasa zilizosainiwa ndizo zinapandishwa tena kwenye mfumo, moja ikikosa saini maombi hayajakamilika hata kama umelipa.

[12:06] Shangazi Mwanakombo: Shemeji Salim, jina lako naliandika?

[15:48] Mjomba Salim: Liandike. Kitambulisho changu cha NIDA ndicho kiko kwa tajiri wa boti. Nikirudi Ijumaa inshallah.

[15:49] Shangazi Mwanakombo: Ijumaa baada ya sala hakimu humpati. Alhamisi.

[15:55] Ali: Mjomba, simu usizime.

[16:20] Ami Khamis: Nauli ya Wete natuma mimi. Apewe Mama Ali, asipewe mwingine.

[16:24] Shangazi Mwanakombo: Allah akujaze. Na wakili ni yupi kaka?

[21:10] Zuhura: Shangazi, ZCSRA Wete wanataka daftari la kliniki au cheti cha shule ya msingi kuonyesha jina. La kliniki liko kwenye sanduku la Bibi. Ufunguo kasema anao Ami.