Waingereza walitubembeleza tukalee wazee wao, leo siku 60 tufunge virago. Nina hasira wakuu!

Wakuu habari zenu. Nipo Leicester, Uingereza, saa tisa usiku hii usingizi sina. Mimi ni nesi, nimepiga kazi wodi ya wazazi Tanga miaka 7. Hawa jamaa 2022 wazee wao walikosa watu wa kuwahudumia, wakafungua viza ya kea, yaani mhudumu wa wazee na wagonjwa, kwa dunia nzima, njooni na familia zenu njooni. Tukaamini. Januari 2024 nikampa ajenti milioni 14, shamba la minazi la mama kule Pangani ndo likaendea hapo, mwanangu ana miaka 2, naambiwa mtaondoka wote.

Ajenti akanizungusha na karatasi ya sponsa, yaani mwajiri wa kule anayekudhamini viza, kesho, keshokutwa, mara 11 Machi 2024 sheria hiyo, kea haruhusiwi tena kuja na mume, mke wala mtoto. Ombi langu liliingia Mei. Hela ishaliwa, shamba halirudi, nikamwacha mtoto kwa bibi yake nikapanda ndege. Sasa hivi nikipiga video ananiita anti. Anti, mimi niliyemzaa!

Huku nako mkataba masaa 39 kwa wiki, nikapewa 15. Unamwogesha bibi wa watu, unambadilisha pampasi, unasubiri basi dakika 40 kwenye baridi kwenda kwa mwingine na zile dakika za njiani hulipwi hata senti. Kampuni ikaja kunyang'anywa leseni ya kudhamini wafanyakazi. Kosa la bosi, adhabu yetu, barua imekuja siku 60 utafute sponsa mwingine au urudi kwenu.

Na 22 Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri kea kutoka nje, eti wanataka wenye ujuzi tu, mshahara wa kawaida uanzie pauni 41,700 kwa mwaka. Kumgeuza mzee wa kilo 90 aliyepooza upande mmoja bila kumchubua ngozi, kuona rangi ya mkojo tu ukajua UTI imeanza kabla hajaanza kuweweseka, huo sio ujuzi?? Waajiri wameambiwa watuchukue kwanza sisi tuliokwama humu ndani, sawa, ila kila nikipiga simu swali la kwanza una gari? Leseni ya Bongo hapa unaendeshea miezi 12 tu, yangu muda umepita, na foleni ya mtihani wao ni miezi.

Halafu juzi mdogo wangu ananitumia tangazo, ajenti hapo Dar bado anauza kazi za kea Uingereza! Jamani huo mlango umefungwa, msimpe mtu hata mia.

Mimi zimebaki siku 23. Mwenye kujua nyumba ya wazee inayotoa sponsa na haidai gari, Leicester, Nottingham, popote pale, naomba aje PM, hata usiku wa manane nipo macho.