Kuku 200 wa mayai: nihesabu na yasiyotarajiwa?

Swali: Wadau, hesabu yangu ni trei 5 kwa siku. Kuna haja ya kupangia mambo ambayo huenda yasitokee kabisa?

Jibu 1: Ipo. Kuku mmoja hula kama gramu 120, hao 200 ni kilo 24 kila siku, watage wasitage. Weka akiba ya mwezi: kilo 720, mifuko 15 ya kilo 50. Ugonjwa wa mdondo (Newcastle) ukiwakuta hawana chanjo, banda linabaki tupu.

Jibu 2: Chanjo ya mdondo rudia kila miezi 3. Usiichanganye na maji ya bomba yenye klorini, inakufa.

Jibu 3: Mbona mnawaza mabaya tu? Hoteli ikitaka trei 20 kwa mpigo je? Kubaliana bei na wafugaji jirani mapema, wakuongezee trei zitakazopungua.