Tupeane uzoefu: maoni gani ya waliokutangulia yaliibadilisha filamu yako ya mfuko mdogo?

Mwanzisha Uzi
Wakuu, juzi kijana mmoja kaweka filamu yake fupi kwenye kundi, akaomba maoni. Majibu yote: "kali sana", "hongera", "kaza buti". Iliniuma, maana sauti ilisikika kama watu wanaongea ndani ya pipa na hakuna aliyemwambia. Sisi tunaotengeneza filamu kwa simu, taa za kuazima na waigizaji wanaojitolea hatuna uwezo wa kurudia kazi kila mara. Mwenye uzoefu akikutazamia kabla hujaitoa, amekusaidia kuliko atakayekupa kamera mpya. Sasa kila mtu aseme: uliambiwa nini, na nani aliyekutangulia, na ulibadilisha nini? Hongera tuziweke kando leo.

Fimbo ya Maiki
Hapo kwenye sauti umenigusa penyewe. Kazi yangu moja niliipeleka kwa mzee aliyehariri filamu miaka mingi. Akaniambia nicheze filamu, kisha akageuza kiti, skrini akaipa mgongo. Akaisikiliza yote hivyo hivyo. Kila alipopotea ananyoosha mkono, mimi naandika dakika. Mkono ulinyooka mara nyingi zaidi kwenye sini ya ndugu wawili wanaogombana jikoni, sini ambayo kila mtu aliisifu kwa picha. Maiki ilikuwa ya kamera yenyewe, mbali na midomo, na nyuma yao jokofu linanguruma. Tukikata kwenda kwa kaka, jokofu lipo. Tukirudi kwa mdogo wake, halipo. Mtazamaji hajui kinachomkera, ila anakereka.

Yule mzee alinifundisha jambo ambalo sijaliacha: zima jokofu, halafu weka ufunguo wa gari ndani yake. Hamtaondoka bila kuliwasha tena, na vyakula vya mwenye nyumba havitaoza. Kabla hamjatoka kwenye chumba, wote nyamazeni, rekodi ukimya wa chumba hicho angalau sekunde 30. Huo ndio utakaoziba mapengo wakati wa kuhariri. Maiki isogezwe mpaka mpiga picha alalamike kwamba inaingia kwenye fremu, kisha irudi nyuma kidogo. Na vilele vya sauti viache karibu na -12 dB kwenye kipimo cha kinasa sauti, mtu akipiga ukelele isipasuke.

Mpita Njia
Ya ufunguo kwenye jokofu nimeichukua. Asante mkuu.

Mhariri wa Usiku
Sauti sawa, lakini naona tunaanzia mbali na tatizo. Filamu nyingi za wenzetu zinazonifikia zina hadithi isiyoanza. Walter Murch, ambaye ni mhariri na pia mtu wa sauti, ana vigezo sita vya kuchagua mahali pa kukata. Hisia kaipa asilimia 51, maana yake inazidi mengine matano yakijumlishwa. Hadithi asilimia 23. Nani amesimama wapi ndani ya chumba, 4 tu.

Mimi nilikuwa na filamu inayoanza jamaa anaamka, anapiga mswaki, anavaa, anafunga mlango, anatembea. Mwenzangu aliyenitangulia hakuniambia "inachosha". Aliniuliza: "Ni wapi kwa mara ya kwanza unatamani kujua kitakachofuata?" Tukaitazama kimya tukitafuta. Ilikuwa dakika ya tatu, barua inapopita chini ya mlango. Filamu sasa inaanza na barua.

Fimbo ya Maiki
Hizo hisia asilimia 51 zinapita wapi kama maneno hayasikiki?

Mhariri wa Usiku
Nani kasema yasisikike? Nasema ukiniletea sauti safi ya watu wasiotaka chochote, nitalala nikiwasikia vizuri.

Mwanzisha Uzi
Ndugu zangu, taratibu. Wengine wanasubiri zamu.

Kamera Mkononi
Mimi niliambiwa neno moja: "funga". Simu ikiachwa yenyewe inabadilisha mwanga na rangi katikati ya shoti. Mwigizaji akisogea dirishani uso unageuka kutoka njano kwenda bluu. Funga mwanga, funga rangi, funga fokasi, ndipo uanze. Taa zikimetameta kwenye picha, tazama umeme wa mahali ulipo: wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde) weka shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, iwe sekunde 1/50, wa 60 Hz weka 1/60. Na kama sauti unairekodi kando, jua kwamba simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu kwa sekunde, kwa hiyo shoti ikiwa ndefu midomo na maneno vinaachana. Tafuta programu inayoshikilia fremu, au badili faili kabla hujaanza kuhariri.

Wapo wanaosema "mbona mwongozaji Sean Baker alipiga filamu ya Tangerine kwa iPhone 5S". Kweli, filamu ilitoka 2015. Ila mbele ya simu kulikuwa na kipande cha lenzi cha kutanua picha, na sauti ilichukuliwa kwa vifaa vya kazi.

Fimbo ya Maiki
Rudia hapo mwisho, mkuu. Rudia kwa sauti.

Dada Mwongozaji
Sikutaka kuandika, lakini huu uzi umenitonesha. Kuna mtu mzoefu sana katika kundi letu la zamani, alijitolea kuniangalizia filamu. Nikampa kila kitu: mafaili mabichi, sauti, mpangilio wote wa uhariri. Akakaa kimya wiki nyingi. Nikasikia filamu yangu imewekwa kwenye usiku wa maonesho ya wanafunzi na wachanga. Nikafurahi, nikadhani ni mkato wangu, yaani filamu kama nilivyoihariri mimi. Nikaenda na binti aliyeigiza mdogo wa mhusika mkuu, naye kaalika wazazi wake, wamekaa safu ya nyuma yetu.

Taa zikazimwa. Jina la filamu ni langu. Sini ya kwanza yangu. Sini ya pili mdogo mtu hayupo. Nikasema moyoni labda kaisogeza mbele. Sini ya nne hayupo. Binti kanishika mkono, nasikia mama yake nyuma anamuuliza baba, "bado hajatokea?" Filamu imeisha hajatokea hata mara moja. Kafutwa mzima. Na mwisho umebadilishwa: kwangu mama anafungua mlango anamkuta mwanawe, kwake tunasikia hodi tu, mama anainua kichwa, giza. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Yule bwana akaja kunipa mkono: "Nimekusaidia." Binti alikuwa ameshatoka na wazazi wake.

Linaloniumiza mpaka leo ni kwamba ule mwisho ni bora kuliko wangu. Niliuona palepale. Nimeubakiza kwenye filamu yangu, na mdogo mtu nikamrudisha. Ila yule bwana sijaongea naye tena.

Mpita Njia
Pole sana dada. Nimesoma mara mbili.

Lenzi Moja
Samahani, lakini mimi naona alikusaidia. Ukumbi ulipiga makofi, mwisho umeubakiza, unataka nini tena?

Mhariri wa Usiku
Lenzi Moja, hapana. Mimi nakata watu kila wiki, ndiyo kazi yangu. Lakini namkata baada ya mwongozaji kukubali. Kuhariri kazi ya mtu na kuionesha hadharani bila ruhusa si maoni. Huo ni unyang'anyi, hata ukiwa na kipaji.

Lenzi Moja
Angemwandikia maneno tu, angekubali kumtoa mdogo mtu? Asingekubali. Kuna vitu mpaka uoneshwe.

Dada Mwongozaji
Kunionesha mimi, sawa. Angenionesha chumbani tungebishana mpaka asubuhi, na hodi ile ningeichukua kwa shukrani. Hakuwa na haki ya kumwonesha mama wa yule binti.

Kamera Mkononi
Ndiyo maana mafaili mabichi simpi mtu. Natoa nakala ya picha hafifu, na jina langu limepita katikati ya skrini.

Fimbo ya Maiki
Mimi natoa kila kitu. Mtu wa sauti hawezi kukusaidia kwa nakala hafifu. Andikianeni tu ujumbe kwanza: nani anafanya nini, na filamu haitoki bila idhini ya nani.

Mwanzisha Uzi
Pixar, studio ya filamu za katuni, wana kikao wanakiita Braintrust. Waongozaji na waandishi wakubwa wanaitazama kazi ya mwenzao ikiwa bado mbichi na wanasema wazi palipokwama. Lakini hawana mamlaka ya kumlazimisha mwongozaji. Anasikia yote, kisha anaondoka kwenda kutafuta dawa mwenyewe. Kama studio kubwa hivyo inamwachia mwenye kazi, sisi tunaonyang'anyana tunapata wapi ujasiri?

Mpenda Jukwaa
Kwa upande wa jukwaani, Liz Lerman, mtunzi wa ngoma, ana utaratibu wa hatua nne. Watazamaji wanaanza kwa kusema kilichowagusa. Kisha msanii anauliza maswali yake. Kisha watazamaji wanauliza yao, maswali yasiyobeba hukumu. Mwisho ndipo rai, na kila anayetaka kutoa rai anamwomba msanii ruhusa kwanza. Tuliujaribu kwa filamu fupi na yule mwongozaji hakujitetea hata mara moja.

Lenzi Moja
Kuomba ruhusa ya kusema ukweli? Mimi nataka niambiwe usoni. Nikianza kubembelezwa najua filamu ni mbovu.

Mpenda Jukwaa
Wewe utaambiwa usoni, ndugu, tumesikia. Wapo ambao wakiambiwa usoni mara moja hawashiki kamera tena, na baadhi yao walikuwa wazuri.

Mhariri wa Usiku
Mimi nawaambia wanaonitazamia: msiniambie nifanye nini, niambieni dakika mliyotazama saa. Wanne wakitazama saa dakika ileile, dakika hiyo naifungua upya, hata kama kila mmoja ana dawa yake tofauti.

Mpita Njia
Dada, na yule binti? Bado anaigiza?

Dada Mwongozaji
Anaigiza. Alirudi kwenye kazi yangu iliyofuata kwa sharti moja, auone mkato kabla ya wazazi wake kuuona. Sasa nafanya hivyo kwa kila mwigizaji niliyempunguza: nampigia simu mwenyewe, namweleza sini gani zimeondoka na kwa nini, kabla sijamwalika mtu yeyote kwenye onesho.