Hadithi yangu ya upelelezi: naweza kumbadilisha muuaji sehemu ya mwisho?

MtotoWaKatuba: Jambo yenu wakubwa. Niko Lubumbashi. Miezi 6 sasa naandika hadithi ya upelelezi kwa Kiswahili, naituma WhatsApp kila Ijumaa jioni, mtu analipa franka 2 000 kwa mwezi. Nilianza na wasomaji 11, watu wa kwaya yetu. Leo wako 340, wengine Kolwezi na Likasi. Imebaki sehemu ya 24, ya mwisho, ambamo mpelelezi anamtaja aliyemuua mnunuzi wa shaba. Swali: naweza kumgeuza muuaji saa hizi bila wasomaji kunikimbia? Wiki nzima silali.

Mwalimu_Kamalondo: Mdogo wangu, kwanza pongezi. Wanaosema watu wetu hawasomi hawakulala internati ya shule. Miaka ya 80 kitabu kimoja cha SAS, zile hadithi za ujasusi za Kifaransa, kilipita vitanda 40, tumekifunika kwa gazeti ili msimamizi asione jalada. Mtunzi wake, Gérard de Villiers, alitoa 200 za namna hiyo, tangu 1965 hadi alipofariki 2013, na mimi Kifaransa nilikipatia humo zaidi ya darasani. Tulichokosa ni cha kwetu, kwa lugha yetu, kwenye barabara tunazozijua. Njo maana 340 wanakulipa.

Swali lako alilijibu tangu 1929 padri Mwingereza, Ronald Knox, naye mtunzi wa hadithi hizo. Kanuni yake ya kwanza kati ya 10: mhalifu atajwe mapema. Msomaji amehesabu dalili sehemu 23, halafu umletee mgeni? Umemwibia.

Mama_Bukari: Mimi ni mmoja wa hao 340. Kurant ikikatika binti yangu anatusomea kwa simu, bukari inapoa mezani. Lakini mwanangu, damu yote hiyo ya nini? Andika na habari za ndoa. Na yule mjane asiwe yeye, tafadhali. Ameteseka vya kutosha.

Kopi_Rapide: Niko na mashine ya foto kopi. Sehemu ya 19 imeletwa kwangu mara 6, na watu wasiokulipa. Chapa kitabu haraka! Kaka yangu alitunga wimbo, akangoja pesa ya studio mwaka mzima, siku moja akausikia kwenye harusi unaimbwa na mwingine. Mpaka leo hapendi harusi.

Shofa_Likasi: Hakuna anayekosa usingizi juu ya mtu wa karatasi. Huyo muuaji ni nani, na kwa nini umgeuze sasa?

MtotoWaKatuba: Sawa, niseme. Muuaji anachechemea mguu wa kushoto, anafuga njiwa juu ya paa, havui kofia yake ya kahawia hata usiku. Mwenye nyumba wangu yuko hivyo hivyo. Sikujua kama shemeji yake ananisoma. Sasa watoto wa avenyu wanamwita kwa jina la kwenye hadithi, na kuna watu wameacha kuingia dukani kwake. Alikuja mlangoni, hakupiga kelele. Alisema tu: "Umeniua mimi."

Lakini mnielewe, mwandishi anachukua anachokiona. Na mwisho mwingine nimekwisha kuuandika: muuaji ni yule muuguzi wa sehemu ya 21. Tena nimelipa nusu ya pesa ya kuchapa nakala 200.

Shofa_Likasi: Una deni la kodi kwake?

MtotoWaKatuba: Huu mwezi wa 4. Ila nilianza kumwandika kabla ya deni.

Shofa_Likasi: Njiwa walitokea sehemu ya ngapi?

MtotoWaKatuba: Ya 9. Deni lilianza wiki moja kabla. Lakini kuchechemea kulikuwepo tangu sehemu ya 2!

Mwalimu_Kamalondo: Georges Simenon, Mbelgiji mtunzi wa hadithi za upelelezi, alizunguka Afrika 1932, hata hapa Kongo, ambako ndugu yake alikuwa na kazi Matadi. 1933 akatoa riwaya yenye mauaji, mahali pake ni Libreville. Mama mmoja mwenye hoteli ya huko akajiona ndani, akamshitaki Paris. Simenon alishinda. Lakini yeye alikuwa amerudi kwao Ulaya. Wewe unalala chini ya paa la uliyemwandika.

Kipushi_Kimya: Ninyi hamshituki? Mzee anayechechemea, njiwa, "umeniua mimi", na siri inatoka moja moja kila tukiuliza. Huu uzi njo sehemu ya 24 yenyewe. Anatafuta wasomaji. Weka picha ya nyumba tuamini.

Kopi_Rapide: Kama ni tangazo, mimi limeninasa. Nalipa wapi?

Mama_Bukari: Kofia ya kahawia haimo kwenye hadithi. Sehemu zote ninazo, nimezirudia usiku huu. Huyo mzee ni mtu wa kweli.

Kipushi_Kimya: Au kofia imewekwa hapa ili wewe uione, mama.

MtotoWaKatuba: Picha siweki. Njiwa wake wanaonekana toka barabarani. Nikionyesha nyumba nimemtaja mbele ya kila mtu. Anayeona nimetunga, aone hivyo.

Muuguzi nimemfuta, mwalimu ana haki. Muuaji anabaki yule yule, ila kwenye kitabu hatachechemea na hatafuga kitu. Fundi wa kuchapa amekubali kungoja. Kesho asubuhi nampelekea mzee sehemu ya 24 aisome kabla ya mtu mwingine yeyote, pamoja na kodi ya mwezi mmoja.

Shofa_Likasi: Kwenye kitabu sawa. Na hao 340 waliokwisha kusoma?

MtotoWaKatuba: Hapo ndipo bado sijapata jibu.

Mama_Bukari: Kwa hiyo Ijumaa hii hakitoki kitu? Nimelipa mwezi mzima.