Ukanda wa Kijani: Siku Tatu Katika Hoteli ya Kifahari Unguja kwa "Bei ya Mkaazi"

Ndugu wanajukwaa,

Nimesita wiki tano kuuanzisha uzi huu, kwa sababu mke wangu aliniomba nisiigeuze safari ya kuadhimisha miaka 20 ya ndoa yetu kuwa kesi. Sasa yeye mwenyewe ndiye anayenihimiza niandike, baada ya kuisoma barua pepe ya mwisho ya hoteli, ambayo nitaifikia. Jina la hoteli sitalitaja hapa, kwa kuwa malalamiko rasmi nimekwisha kuyapeleka panapohusika. Yatosha kusema kwamba ipo pwani ya mashariki ya Unguja, ina nyota tano kubwa kwenye bango la langoni, na fedha tulizolipa kwa siku tatu tulizolala pale, mwishoni mwa Januari, ni fedha ambazo tulizidunduliza kwa miezi 11.

Nianze na makubaliano, maana mimi ni mhasibu na karatasi ndiyo kazi yangu. Niliweka nafasi kwa simu, kisha hoteli ikanitumia uthibitisho kwa barua pepe: malazi ya siku tatu kwa watu wawili, kifungua kinywa na chakula cha jioni, chumba kinachotazama bahari, bei ya mkaazi (ile iliyo nafuu kuliko ya mgeni wa nje) shilingi 780,000 kwa usiku mmoja, jumla shilingi 2,340,000. Siku hiyohiyo nilituma nakala za vitambulisho vyetu vya taifa pamoja na nusu ya fedha, yaani shilingi 1,170,000. Katika uthibitisho ule hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema kwamba mkaazi atapewa chumba cha namna nyingine, atakula mahali pengine, au hesabu yake itapigwa kwa dola.

Tulifika saa nane mchana kwa teksi tuliyoikodi bandarini Malindi. Mlinzi alisimama mbele ya gari, akainama dirishani na kutuuliza, "Mnakwenda kwa nani?" Swali hilo huulizwa mtu aliyekuja kumtembelea ndugu yake anayefanya kazi jikoni. Dereva alimjibu kwa upole wa Kizanzibari, "Sheikh wangu, hawa ni wageni wenu," lakini mlinzi akataka karatasi, akaichukua, akaondoka nayo kwenda kupiga simu ya upepo, na sisi tukabaki juani. Wakati tunangoja, magari mawili ya watalii yalipita bila kusimamishwa, na kila moja lilipigiwa saluti na "Jambo! Jambo! Karibuni!" Sisi ambao tungeweza kumjibu "hatujambo" hatukusalimiwa.

Mapokezi nayo yalikuwa yaleyale. Nilimsalimu dada wa mapokezi kwa Kiswahili akanijibu kwa Kiingereza. Nikaendelea kwa Kiswahili naye akaendelea kwa Kiingereza, mpaka mwenzake alipomwuliza ufunguo fulani uko wapi, akamjibu kwa Kiswahili safi kabisa. Wageni waliotangulia walikuwa wameketi wakinywa madafu, taulo ndogo za baridi shingoni. Sisi tulipewa fomu. Ni lazima niseme ukweli kwamba baadaye binti mmoja wa usafi, aliyetuona tukitokwa na jasho, alituletea maji baridi bila kutumwa na mtu, na kumwita mke wangu "mama" kwa namna iliyomfanya acheke kwa mara ya kwanza tangu langoni. Wafanyakazi wa chini wa hoteli ile sina ugomvi nao.

Kisha tukafungwa mikononi kanda za plastiki, zile zisizovulika mpaka zikatwe kwa mkasi. Zetu zilikuwa za kijani. Niliona kwamba za wengine ni za buluu, nikadhani ni rangi tu.

Chumba "kinachotazama bahari" kilikuwa jengo la nyuma, ghorofa ya chini. Bahari ilionekana, sikatai, iwapo ungesimama kwenye kona ya kulia ya kibaraza, ukashika nguzo na kunyoosha shingo kupita ukuta wa jengo la mbele: kipande cha buluu chenye upana wa kanga iliyokunjwa. Kilichoonekana bila kunyoosha shingo ni kamba za dobi, mashuka yakipepea kuanzia alfajiri, na banda la jenereta. Kutoka kitandani kwetu hadi banda hilo ni hatua 19, nilizihesabu saa tisa za usiku. Unguja hupata umeme wake kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara, na anayekumbuka giza la miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, hawezi kuilaumu hoteli kwa kuwa na jenereta. Ninachouliza ni kwa nini jenereta na mgeni wa bei ya mkaazi wamepangwa uani pamoja.

Kiyoyozi kilivuja. Maji yalidondoka kwenye sakafu karibu na kichwa cha kitanda, kwanza tone moja moja, kisha mfululizo, hata mke wangu akaenda bafuni kuchukua pipa la taka la plastiki, akaliosha na kulikinga. Lilijaa kila baada ya saa tatu hivi, nasi tukawa tunapokezana kuamka kulimwaga. Fundi alikuja usiku wa pili, saa nne, akakipiga kiyoyozi ngumi mbili ubavuni, akabandika utepe wa gundi, akatuaga. Utepe ulidumu hadi saa saba. Asubuhi niliomba kuhamishwa, nikaambiwa hoteli imejaa. Mchana huohuo niliona mlango wa chumba cha mbele ukiwa wazi, kitanda kimetandikwa maua, na hakuna aliyeingia humo mpaka tulipoondoka.

Kuhusu bahari nitakuwa mwadilifu. Baadhi ya wageni walikuwa wakilalamika kwamba maji yamewakimbia, na kweli maji yakipwa upande ule wa kisiwa huenda mbali sana, ukabaki unaona mchanga, miamba na mashamba ya mwani ya kina mama wa kijijini. Hilo si kosa la hoteli. Mke wangu ni mzaliwa wa Pangani. Alitazama mwezi uliokaribia kutimia, akasema "bamvua hili," yaani kipindi ambacho maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na tukapanga saa zetu za kuogelea kwa kufuata maji. Kifungua kinywa nacho kilikuwa cha kifahari kweli: mkate wa kumimina uliochambuka vizuri, vitumbua vya moto, na mpishi mtu mzima aliyekuwa akituuliza kila siku kama tumeshiba.

Usiku wa pili ndio uliotufungua macho. Hoteli ina mkahawa uliojengwa juu ya nguzo baharini, nao ndio uliomo kwenye picha zote za matangazo, na huko ndiko mke wangu alikotaka tukaadhimishe siku yetu. Alivaa gauni alilolishonesha kwa ajili ya jioni hiyo. Kijana aliyesimama mwanzoni mwa daraja la mbao alitazama mikono yetu kabla ya kututazama usoni, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani baba, kijani ni kule." Akaonyesha ukumbi wa pembeni mwa jiko. Nilimwambia nitalipia chakula chote upya, bei kamili, kama mgeni wa kutoka nje. Akajibu, "Si suala la malipo, baba. Ni maelekezo." Nilimwona ana aibu kuliko sisi. Tukaenda "kule", tukakaa na familia nyingine mbili za Kitanzania na bwana mmoja wa Nairobi, wote wenye kanda za kijani, tukala wali na kuku uleule wa jana yake. Mke wangu hakusema neno mpaka tulipofika chumbani, akavua viatu, akalikinga pipa.

Watetezi wa hoteli, na najua mpo humu, mtasema: ulilipa kidogo, ukapata kidogo. Kwanza, shilingi 780,000 kwa usiku mmoja si kidogo. Pili, bei ya mkaazi si sadaka. Mwaka 2020, ndege za watalii zilipokoma kuja, simu yangu ilijaa matangazo ya hoteli za Unguja zikituita "ndugu zetu Watanzania" tuje tuzijaze, wala hapakuwa na neno juu ya rangi ya ukanda. Leo wageni wa nje wamerejea kwa wingi, mwaka 2024 pekee walioingia Zanzibar walipita 700,000, na ndugu wamehamishiwa uani. Hoteli ina haki ya kuuza vyumba vya nyuma kwa bei nafuu, lakini ivitaje kwa jina lake kwenye uthibitisho, ili mtu achague mwenyewe.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo iliyoniondolea subira. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nadaiwa shilingi 1,170,000 zilizobaki. Nilipewa ankara ya dola. Nikauliza kwa nini dola, ilhali tulikubaliana kwa shilingi, nimetanguliza shilingi, na Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma humu nchini kutangazwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Nikajibiwa kwamba dola ni ya mfumo wa kompyuta tu, na kwamba nitalipa kwa shilingi. Basi nikataka kuona jinsi mfumo ulivyopiga hesabu. Shilingi zangu 1,170,000 ziligawanywa kwa 2,400 zikawa dola 487.50, kisha dola hizohizo zikazidishwa kwa 2,650 ili nilipe shilingi, zikawa 1,291,875. Fedha ile haikuwahi kuondoka Tanzania, haikuwahi hata kuondoka mezani, lakini kwenda na kurudi kwake kwenye skrini kuliniongezea deni la shilingi 121,875. Nilimwandikia dada wa mapokezi hesabu hiyo nyuma ya bahasha. Aliitazama kwa muda, akasema ni kweli, akaenda kumwita meneja.

Kabla meneja hajafika nilisoma mistari mingine. Palikuwa na dola 6 za glasi, nayo ni halali: niliivunja mwenyewe bafuni siku ya kwanza na kwenda kuwaarifu bila kuulizwa, kwa hiyo nililipa bila neno. Chini yake palikuwa na dola 25 za taulo la ufukweni "lililopotea". Taulo zile zina namba zilizodariziwa pembeni, na letu, namba 114, nililirudisha kwa kijana wa ufukweni jioni ya jana yake. Niliomba tuongozane hadi kibarazani kwetu. Taulo namba 114 lilikuwa kwenye kamba ya tatu ya dobi, limeanikwa, linapepea. Kwa mara ya kwanza chumba kile kilinifaa kwa kitu.

Dola 25 zilifutwa. Kuhusu zile shilingi 121,875, meneja alisema kwa upole mkubwa kwamba mfumo umewekwa na makao makuu, yeye hana uwezo wa kuubadilisha, ila anaweza kutukaribisha chai na keki. Boti yetu ilikuwa ya saa sita na nusu mchana. Nililipa nikiandika kwenye ankara "nalipa huku nikipinga", nikaweka sahihi, nikapiga picha.

Nilipofika nyumbani niliwaandikia, nikaambatanisha uthibitisho, ankara, picha za chumba na hesabu yangu, nikidai mambo mawili: warudishe shilingi 121,875, na wafidie tofauti ya bei kati ya chumba walichoniandikia na chumba walichonipa. Niliwapa siku 14. Jibu la kwanza lilikuja siku ya tisa, sentensi moja ya kunishukuru kwa maoni yangu yenye thamani. Jibu la pili ndilo nililosema nitalifikia: wanatupa malazi ya usiku mmoja bila malipo, kwa sharti kwamba nisichapishe maelezo yoyote kuhusu hoteli mahali popote, na kwamba malazi hayo yatakuwa "kwa utaratibu wa kundi la wakaazi". Mke wangu alilisoma fungu hilo mara mbili, akanirudishia simu, akasema, "Andika."

Ninaomba wenye uzoefu wanisaidie kwa jambo moja mahususi. Je, yupo kati yenu aliyewahi kulala kwa bei ya mkaazi katika hoteli ya daraja hili, bara au visiwani, akapewa kwa maandishi, kabla ya kulipa, aina ya chumba na sehemu anazoruhusiwa kula? Kama ipo hoteli inayofanya hivyo, nahitaji nakala ya uthibitisho wake, majina na namba zikiwa zimefutwa, niiongeze kwenye faili langu. Barua yangu kwa Kamisheni ya Utalii Zanzibar niliipeleka Jumatatu iliyopita ikiwa na viambatisho saba. Cha saba ni ukanda wa kijani, uliokatwa kwa mkasi, nimeubana kwa pini kwenye karatasi nyeupe.