Naomba ushauri: mchezaji tumpe alama kwa kutazama nini, na kocha akifanya sabu, yaani akibadilisha mchezaji, tumpime vipi?

Daftari_Malaba:
Wandugu, habari zenu. Niko Malaba, upande wa Uganda. Tuna timu yetu ya mtaa, na sisi mashabiki tumeunda kamati ndogo: tunachanga pesa, tunanunua jogoo, na kila mechi ikiisha anapewa mchezaji bora. Daftari la alama nimekabidhiwa mimi, na kazi hii inanikosanisha na watu ninaowaheshimu.

Jumapili tulikuwa tunaongoza 1-0. Dakika ya 70 hivi kocha akamtoa winga wa kushoto, kijana ambaye uwanja mzima unampenda kwa chenga zake, akamwingiza kiungo mkabaji. Dakika ya 86 tukafungwa kwa kona, ikaisha 1-1. Kelele zikaanza kwamba kocha ametuuza. Hata madereva wa matrela wanaosubiri kuvuka mpaka, ambao timu yetu hawaijui, walishangilia winga apewe jogoo kwa sababu "alipotoka tu tukafungwa". Mimi nilikuwa nimeandika beki wa kulia. Nikazomewa.

Nisaidieni. Nyinyi mnatazama nini hasa? Na kocha akibadilisha timu halafu matokeo yakaharibika, tunajuaje kama kosa ni lake?

Filimbi_Tororo:
Kaka, kabla sijasema lolote nijibu mawili. Kabla ya sabu, upande wa kushoto mlikuwaje? Na ile kona ilitoka upande gani, na mfungaji alikuwa wa nani kumkaba?

Daftari_Malaba:
Beki wao wa kulia alikuwa anapanda sana. Beki wetu wa kushoto alikuwa anabaki peke yake na watu wawili, maana winga akipoteza mpira alikuwa anarudi akitembea. Kona ilitoka upande wetu wa kulia. Aliyefunga ni beki wao wa kati, alipiga kichwa bila mtu kumgusa. Wa kumkaba alikuwa mshambuliaji wetu.

Filimbi_Tororo:
Basi umeshajijibu nusu. Kocha aliona tundu upande wa kushoto akaliziba. Goli likaja kutoka kulia, kwa kosa la mtu aliyekuwa uwanjani tangu mwanzo. Sabu na goli vilifuatana, lakini la kwanza halikuzaa la pili. Mnapobishana, rudini nyuma pasi tatu nne kabla ya goli: nani alipoteza mpira, nani aliacha mtu wake. Mashabiki wengi huanzia pale wavu unapotikisika, na pale pamechelewa.

Winga_Damu:
Mzee Filimbi, hapo sikubali yote. Winga mwenye chenga anawabana mabeki wasipande hata asipogusa mpira. Yule beki wao alikuwa na kitu cha kuogopa nyuma yake. Ukimtoa winga ukaweka mkabaji, beki anapanda bila wasiwasi, timu yako inarudi kwenye boksi, na kona zinakuja zenyewe. Ndugu wa Malaba, baada ya dakika ya 70 mlipigiwa kona ngapi?

Daftari_Malaba:
Nyingi kuliko mwanzo. Hilo ni kweli kabisa.

Filimbi_Tororo:
Hoja hiyo naipokea. Swali linalobaki ni kwenye benchi kulikuwa na nani. Kama kulikuwa na winga mwingine mwenye mapafu mapya, kocha ana la kujibu. Kama walibaki mabeki na viungo tu, alichagua kati ya waliokuwepo. Mpimeni kwa alichokijua dakika ya 70, si kwa mlichokijua nyinyi dakika ya 90.

Kocha_Dada_Mbale:
Nafundisha timu ya wasichana ya shule, nikueleze ninavyofanya. Chagua mchezaji mmoja, mtazame dakika kumi bila kuufuata mpira. Ni vigumu, macho yanavutwa. Angalia anapokaa timu yake ikiwa haina mpira, na kama anageuza shingo kutazama nyuma kabla ya kupokea pasi. Angalia pia hatua zake tano za kwanza baada ya kupoteza mpira, hizo hazidanganyi. Kisha nenda kwa mwingine. Ukipata nafasi simama nyuma ya goli, maana kutoka pembeni huoni vizuri mistari ya timu ikiachana.

Tena muulize kocha wenu mapema kazi aliyompa kila mtu. Beki aliyeambiwa asivuke katikati ya uwanja, utamnyima alama kwa kutopiga krosi? Tazama Khalid Aucho, kiungo wetu wa Uganda. Alipokwenda Yanga mwaka 2021 hakuwa mtu wa kufunga magoli, lakini mashabiki wa kule walijifunza kumpenda kwa namna anavyokata njia ya pasi na kutuliza mchezo. Mashabiki wanafundishika, kaka. Usichoke nao.

Mzee_wa_Namboole:
Mwanangu, kumbuka CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025, pale uwanja wa Namboole, sisi Uganda na Afrika Kusini. Tulikuwa nyuma 3-1 mechi ikielekea mwisho, tukapata penalti mbili, ikaisha 3-3 na tukaongoza kundi. Mechi ingekatwa dakika ya 85, benchi lote lingeitwa halifai. Refa alipopuliza, watu wale wale walikuwa mashujaa. Ukitoa alama kwa matokeo peke yake, unaandika bahati kwenye daftari.

Na Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri 2019, mechi yetu na Senegal. Tulitolewa 1-0, Mané wao akatufunga mapema, lakini kipa wetu Onyango akaidaka penalti yake kipindi cha pili na kutuacha hai hadi mwisho. Aliyepoteza anaweza kuwa bora uwanjani.

Beki_Tatu:
Nyongeza ndogo kuhusu sabu. Sheria ya kubadilisha wachezaji watano, iliyoanza kwa muda mwaka 2020 na kuwa ya kudumu 2022, inampa kocha nafasi tatu tu za kusimamisha mchezo ili abadilishe, ukiacha mapumziko. Ndiyo maana utaona kocha anasubiri awatoe wawili kwa pamoja huku watu wanampigia kelele. Ligi ndogo huwa na utaratibu wao, kwa hiyo ulizeni wenu.

Winga_Damu:
Sawa, lakini jogoo ni la mashabiki. Tumechanga sisi. Kijana akitufurahisha, kwa nini tusimpe?

Kocha_Dada_Mbale:
Mpeni, hakuna anayekataza. Ila mseme wazi ni zawadi ya mashabiki, msiandike daftarini kwamba ndiye aliyecheza vizuri zaidi. Yule beki wa kulia naye analisoma daftari, na wiki ijayo ataacha kukaba aanze chenga.

Daftari_Malaba:
Asanteni sana wote. Nitaomba kamati itenganishe mambo mawili: jogoo kwa kura ya mashabiki, na alama za daftari tutoe watu watatu, kila mmoja akisimama sehemu yake ya uwanja na kuandika kabla ya kuongea na mwenzake. Kesho naenda mazoezini kumuuliza kocha alikuwa na nani benchi dakika ile. Dada, kipa tumtazame vipi kama hakupigiwa mashuti?

Kocha_Dada_Mbale:
Sikiliza sauti yake. Halafu tazama anasimama wapi mpira ukiwa upande wa pili. Akiganda kwenye mstari wa goli wakati mabeki wake wamepanda hadi katikati, mpunguzie.