MREJESHO: Amplifaya ya valvu iliyokuwa ikipoteza sauti

Wakuu, nimerudi baada ya kuwaomba ushauri hapa. Ile amplifaya yangu kuukuu ya gitaa, iliyokuwa ikishuka sauti katikati ya wimbo hadi unaisikia kama redio ya jirani, imepona. Nilishakimbilia kununua valvu mbili mpya za EL84, yaani zile taa za kioo zinazokuza sauti. Hela imekwenda, sauti ikabaki vilevile. Aliyesema nichomeke waya mfupi kutoka tundu la kutolea hadi la kurudishia, kule nyuma panapounganishwa efekti (vifaa vya kubadili sauti ya gitaa), ndiye aliyepatia. Iliunguruma palepale, paka akakimbia! Kumbe vibati vya ndani ya tundu la kurudishia, ambavyo sauti hupitia kama hujachomeka kitu, vimepiga weusi, havigusani vizuri. Nikachomoa umeme, nikapuliza dawa ya kusafishia kontakti, nikaingiza na kutoa plagi kama mara 20. Zile EL84 zimebaki kuwa akiba.